Saratani Iliyorudi Kando ya Ziwa

Dalili ya kwanza mara nyingi huwa ni jino. Gego la mtoto wa miaka mitano au sita linaanza kucheza kabla ya wakati wake, ufizi unavimba, na mzazi anadhani ni meno ya utotoni yanayong'oka. Baada ya wiki moja shavu limejaa. Wiki chache baadaye meno ya upande ule yamekaa ovyo ndani ya nyama iliyovimba, yanategemea ufizi peke yake kwa sababu mfupa uliokuwa umeyashika umeliwa, na jicho limeanza kusukumwa nje. Watoto wengine, hasa wasichana, taya lao hubaki salama ila tumbo ndilo hufura.

Hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, yaani seli za damu zinazotengeneza kingamwili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua kwa kasi kuliko huo: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kaunti za Homa Bay na Migori za magharibi mwa Kenya, ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, zimo katika eneo ambalo ugonjwa huu umewapata watoto wengi kuliko karibu sehemu yoyote nyingine duniani.

Ulimwengu unaukumbuka ugonjwa huu kwa kuwa ndio uliofungua milango ya elimu ya virusi vya saratani ya binadamu. Nyanza ina sababu nyingine ya kuukumbuka. Swali linalowasumbua madaktari wa saratani zote, yaani uvimbe uliokwisha kuyeyuka hurudi kutoka wapi, lilipata baadhi ya majibu yake ya mwanzo kutoka kwa watoto wa Afrika Mashariki, wakiwemo waliotibiwa Nairobi. Majibu hayo hayajawahi kusimuliwa sana huku nyumbani.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland aliyepoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11, hakuwa mtafiti wa maabara. Alikuwa mpasuaji anayependa kuhesabu na kuchora ramani. Siku chache baadaye alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyohiyo, akaanza kupekua majalada ya hospitali. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Oktoba 1961, yeye na wamishonari wawili madaktari, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali moja: je, mmewahi kuuona uvimbe huu?

Ramani waliyorudi nayo ilifuata mwinuko wa ardhi, joto na mvua. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa ulikuwa haupo au ni adimu. Mtu wa Nyanza anaweza kuipitia ramani hiyo kwa safari ya asubuhi moja. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Homa Bay kupitia Rongo hadi mji wa Kisii, unafika kwenye mita 1,700 na ushei, na njiani unaiacha nyuma malaria ya mwaka mzima na kuingia katika nchi ambako malaria huja kwa misimu. Alexander Haddow, mtafiti wa wadudu huko Entebbe, alitambua kwamba mipaka ya Burkitt ilifanana na mipaka ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Nchini Kenya, Gilbert Dalldorf na wenzake waliokuwa wakihesabu limfoma za watoto waliandika mwaka 1964 kwamba malaria ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Mwaka huohuo, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda wameona virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Ndivyo vinavyoitwa leo Epstein-Barr. Baadaye ilibainika kuwa karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Vikishaingia mwilini haviondoki: hulala ndani ya seli B zenye kumbukumbu, kimya, maisha yote, na kinga ya mwili huvizuia visiamke ovyo.

Habari za virusi zilienea magazetini. Habari za dawa hazikuenea hivyo, ingawa kwa mzazi wa Karachuonyo kule Homa Bay au wa Nyatike kule Migori hizo ndizo zilizokuwa na maana. Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Kampala. Watafiti wa Marekani, akiwemo Joseph Burchenal wa New York, walipotaka kujaribu dawa mpya za saratani, yeye alikuwa na wagonjwa na hakuwa na njia nyingine ya kuwatibu. Kenya nayo ilikuwa na Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali iliyokuja kuitwa Kenyatta National Hospital, ambako watoto wa taya zilizovimba walipelekwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Dawa zilikuwa methotreksati, kisha siklofosfamidi, kisha vinkristini inayotokana na ua la Madagaska.

Kilichofuata kiliwashangaza hata waliozitoa dawa hizo. Uvimbe uliokuwa umeziba mdomo wa mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache. Mwaka 1967 Burkitt aliandika juu ya wagonjwa waliopewa dozi moja au mbili tu na ambao miaka ilikuwa imepita bila uvimbe kurudi. Wakati huo hakukuwa na saratani nyingi za kuenea mwilini ambazo daktari yeyote, mahali popote, angethubutu kusema zimepona kwa dawa peke yake. Watoto wa ukanda huu wa Afrika walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kulithibitisha hilo, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya historia ya tiba huwataja kwa sentensi moja.

Lakini wengine walirudi. Mama aliyekwisha kwenda nyumbani na mtoto mwenye uso mzuri alimrudisha hospitalini baada ya miezi miwili, au sita, au baada ya mwaka na zaidi, taya limejaa tena au miguu haina nguvu.

Kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler kililifanya jambo hilo kuwa kazi yake. Mwaka 1972, mwaka wa misukosuko ya Idi Amin uliomfanya Ziegler aondoke na uongozi kuchukuliwa na Mganda Charles Olweny, Ziegler na wenzake walichapisha utafiti wa namna limfoma hii inavyorudi. Waligundua makundi mawili. Watoto ambao uvimbe wao ulirudi mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, kwa kawaida hawakuisikia dawa tena, na wengi waliaga dunia. Wale ambao ulirudi baada ya muda mrefu waliitikia tiba karibu sawa na siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, ugonjwa mara nyingi ulirudia katika ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi zinazopitia mshipa wa damu hazifiki kwa kiasi cha kutosha. Ndiyo sababu hadi leo mtoto mwenye limfoma ya Burkitt hukunjwa kitandani, magoti kifuani, akadungwa sindano ya methotreksati mgongoni hata kama kichwa chake hakina tatizo lolote.

Kwa nini makundi mawili? Hapa inabidi kuingia ndani ya seli.

Siklofosfamidi huua kwa kuzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA. Seli inayotaka kugawanyika lazima izitenganishe nyuzi hizo ili kila mmoja unakiliwe. Ikizikuta zimefungwa inakwama, DNA inakatika, na seli inakufa. Ila kila seli hai ina vimeng'enya vya ukarabati, na kazi yake inafanana na ya mvuvi wa Mbita aliyeketi ufukoni na wavu uliochanika: hukata sehemu iliyoharibika, huvuta uzi mpya na kusuka upya kwa kufuata mpangilio wa tundu za jirani. Kinachotakiwa ni muda. Seli iliyotulia, isiyogawanyika, ina muda wa kumaliza ukarabati kabla ya kuhitaji kunakili DNA yake. Seli inayokimbia haina.

Hiyo ndiyo siri ya dozi moja ya Burkitt. Katika uvimbe huu karibu kila seli iko mbioni, kwa hiyo dawa inazikuta karibu zote zikiwa katika hali dhaifu. Saratani ya matiti inayotegemea homoni ina tabia tofauti kabisa: seli chache zinaweza kutulia ndani ya uboho miaka kumi, hata ishirini, bila kugawanyika, zikarekebisha madhara ya dawa, kisha siku moja zikaamka. Mtoto wa Homa Bay aliyemaliza tiba ya limfoma na kufikisha miaka miwili bila dalili yuko karibu na kupona kabisa. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti ya aina hiyo hawezi kuambiwa hivyo kwa uhakika uleule.

Seli za Burkitt zinazonusurika hunusurika hasa kwa njia mbili: ama zilijificha mahali dawa haikufika, ama zilikuwa zimepoteza protini ya p53. Kazi ya p53 ni kukagua DNA; ikiona madhara makubwa mno huiamuru seli ife. Seli isiyo na mkaguzi huyo huendelea kugawanyika hata ikiwa na DNA iliyoungwa vibaya, na dawa inayotegemea kuharibu DNA inapoteza makali. Kwa njia hiyo kundi la kwanza la Ziegler, la watoto waliorudi mapema, linaeleweka.

Kundi la pili lilikuwa fumbo, na ufunguo wake ulitoka Nairobi. Clifford alikuwa na desturi ya kutuma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska, ambao waliijenga sehemu kubwa ya elimu yao ya kinga na saratani juu ya vifurushi hivyo. Baadhi ya seli za wagonjwa wa Afrika Mashariki wa miaka ile, kama zile zinazoitwa Daudi, zingali zinakuzwa maabarani duniani kote. Baadhi ya sampuli zilimfikia Philip Fialkow wa Seattle, naye alikuwa na wazo zuri sana.

Fialkow alitumia kimeng'enya cha G6PD, kilekile ambacho upungufu wake husaidia kumkinga mtu na malaria kali, na ambacho kwa Waafrika wengi kinapatikana katika aina mbili, A na B. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Msichana aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine ana aina zote mbili mwilini, lakini kila seli yake hutumia moja tu, kwa sababu X moja huzimwa mapema tumboni mwa mama na kizazi chote cha seli hiyo hufuata uamuzi huohuo. Kwa hiyo kipande cha ngozi yake kitaonyesha A na B. Uvimbe ulioanza na seli moja utaonyesha A pekee au B pekee. Mwaka 1970 Fialkow, Klein na Clifford walionyesha kwamba ndivyo ilivyo: kila uvimbe wa Burkitt ulikuwa uzao wa seli moja.

Kisha wakaitazama saratani iliyorudi. Ikiwa uvimbe wa pili una alama ileile ya wa kwanza, huenda ni mabaki yaliyokuwa yamelala. Ikiwa alama imebadilika, hauwezi kuwa mabaki. Mwaka 1972, katika jarida la Lancet, walimweleza mgonjwa ambaye uvimbe wake uliorudi ulitoka katika seli nyingine kabisa. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Kilichokuja baadaye kilikuwa saratani mpya, iliyoota katika mwili uleule.

Ugunduzi huo unastahili kusomwa polepole na yeyote anayeishi kando ya ziwa. Unasema kwamba mtoto anaweza kuponywa hospitalini kisha akarudishwa kwenye mazingira yaliyomletea ugonjwa, na mazingira hayo yakaanza upya.

Mazingira hayo hufanya nini hasa? Jibu lilichukua miaka mingine arobaini. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kwamba kromosomu ya 14 katika seli za Burkitt ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech alionyesha kilikotoka: kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ilijulikana kwamba kipande hicho kimebeba jeni ya MYC, inayoamrisha seli kukua, na kwamba kimeunganishwa kando ya jeni za kingamwili, ambazo katika seli B hazizimwi kamwe. Jeni ya kukua ikawa imewekwa mahali ambapo swichi haizimwi.

Mkato huo ni wa DNA, na muungo wake ni kosa la ukarabati. Seli B ina kimeng'enya kiitwacho AID kinachoharibu DNA yake kwa makusudi, ili jeni za kingamwili zibadilike na kuzaa kingamwili bora zaidi. Baada ya uharibifu huo vimeng'enya vya ukarabati huunga ncha zilizokatika. Mara nyingi huunga vizuri. Mara chache sana AID hukosea ikaikata MYC, na ncha za kromosomu ya 8 zikaungwa na za 14. Mwaka 2014 na 2015 tafiti mbili, moja ya seli za binadamu na nyingine ya panya, zilionyesha kwamba vimelea vya malaria huifanya AID ifanye kazi kwa nguvu na kwa muda mrefu katika seli B. Malaria, kwa maneno mengine, huongeza idadi ya mikato, na kila mkato ni nafasi nyingine ya kuungwa vibaya. Virusi vya Epstein-Barr vilivyolala ndani huisaidia seli yenye kosa hilo isife.

Watafiti wa Hokkaido, Japani, waliongeza mshukiwa mwingine mwaka 1991: utomvu wa mnyaa, ule mti wa matawi ya kijani yasiyo na majani ambao Waluo huuita ojuok na huupanda ua kuzunguka boma. Maabarani, utomvu huo pamoja na virusi ulizalisha seli B zenye kromosomu zilizokatika na kuungana namna hiyohiyo. Mtu asikurupuke kung'oa ua wake kwa ushahidi huo peke yake. Watoto wasiouchezea utomvu wameugua pia. Ila kuwakataza watoto kuuchezea ni busara hata bila saratani, maana unachoma macho.

Kwa upande wa malaria, jaribio kubwa zaidi lilifanyika karibu kabisa na Migori, ng'ambo ya mpaka. Katika hospitali ya wamenonaiti ya Shirati, wilaya ya North Mara, Tanzania, daktari Glen Brubaker alikuwa akiwaona watoto wa Burkitt mwaka hadi mwaka. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka 10 katika nyanda za chini za wilaya walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi, ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani. Mwanzoni malaria ilipungua sana. Kisha vimelea vikaizoea dawa na malaria ikapanda tena. Visa vya Burkitt vilishuka, lakini vilikuwa vimeanza kushuka kabla ya vidonge kugawanywa, na watafiti walipochapisha matokeo mwaka 1989 hawakuweza kuapa kwamba klorokwini ndiyo iliyofanya kazi. Jaribio la namna hiyo halijarudiwa.

Kazi ya utafiti ikahamia Kisumu, katika hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia, ingawa jina lake rasmi ni Jaramogi Oginga Odinga. Watoto wa Migori na Homa Bay hupelekwa huko kwa kemotherapi. Rosemary Rochford, Ann Moormann na wenzao wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, waliwalinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, nyanda za juu ambako malaria si ya mwaka mzima. Wale wa kando ya ziwa walipata virusi vya Epstein-Barr mapema zaidi, wengi katika miezi saba ya kwanza ya uhai, na walibaki na virusi vingi zaidi katika damu. Kati ya 2010 na 2016 mradi wa EMBLEM, ulioongozwa na Mganda Sam Mbulaiteye wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ulikusanya sampuli za watoto wa Uganda, Tanzania na magharibi mwa Kenya, na mengi yanayojulikana sasa kuhusu malaria, kinasaba na ugonjwa huu yametoka humo.

Kinachobaki nyuma ni ufuatiliaji. Mtoto anayemaliza mizunguko ya dawa hurudi kijijini, na nauli ya kurudi kliniki baada ya miezi mitatu haipatikani kwa kila familia ya Nyatike. Kwa kuwa uvimbe unaorudi kwa kuchelewa unaweza kutibika tena, kumpoteza mtoto huyo ni kupoteza uhai uliokuwa ukiokoleka. Simu moja kwa mzazi kila baada ya wiki chache katika mwaka wa kwanza ni gharama ndogo mno kwa kaunti yoyote.

Malaria yenyewe imeanza kukabiliwa kwa njia ambazo Brubaker hakuwa nazo. Upuliziaji wa dawa katika kuta za nyumba ulirejea Migori mwaka 2017 na kufika Homa Bay mwaka uliofuata. Tarehe 13 Septemba 2019, Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria, ikitolewa kwa watoto kuanzia miezi sita katika sehemu za kaunti nane za magharibi, Migori ikiwemo. Limfoma ya Burkitt huwapata watoto zaidi wakiwa kati ya miaka mitano na minane. Watoto waliochanjwa katika miezi ile ya mwanzo sasa wameufikia umri huo, na daftari za wodi za watoto za Kisumu, Homa Bay na Migori zitaonyesha kama wanaoletwa na taya zilizovimba wamepungua.